Farao na vyura vyake

Shangazi: Bwana asifiwe wana ukoo. Nimekwama Kutoka 9:12. Bwana ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, asiwaachie Waisraeli watoke Misri. Sasa kosa la Farao liko wapi?

Baba Mdogo: Amina dada. Hesabu yale mapigo kumi ya Misri. Hayo ni majipu, pigo la sita. Kwenye vyura na mainzi alijifanyia mwenyewe. 8:15, alipoona pana nafuu tu, akaufanya moyo mzito.

Neema: Usiruke Ba'mdogo 😅 4:21 Musa hata Misri hajafika, Mungu keshasema ataufanya mgumu. Mechi ilishapangwa!

Baba Mdogo: Sikatai, na 7:3 ipo. Chuoni tulibishania hiyo mpaka chai ikapoa. Ila Kiebrania hapo kina maneno matatu: kukaza, kufanya mgumu, na kaved, yaani uzito. Musa naye analitumia hilohilo 4:10, ulimi wangu mzito. Na kaved ni ini pia.

Shangazi: Kumbe! Ndiyo maana tunakatana maini 😂

Bibi (katuma sauti, Neema nimeiandika): Huyo Farao aliulizwa vyura waondolewe lini, akasema kesho. Wamejaa kitandani, wamejaa kwenye vyombo vya kukandia unga, na bado anataka kulala nao usiku mmoja zaidi!

Baraka: Kama Ba'mdogo na mchango wa mabati 🙈

Baba Mdogo: Mabati natuma mwisho wa mwezi.

Bibi: Haya, vyura hao.

Shangazi: Msinitoe kwenye mada. 9:12 bado.

Baba Mdogo: Dada, soma 9:34, baada ya mvua ya mawe. Farao tena, mwenyewe. Ruka mstari mmoja, 10:1, Mungu anasema ni mimi. Mwandishi kayaweka jirani kabisa, wala hajahangaika kuyapatanisha. Mimi huwa naenda kwa Wafilisti, 1 Samweli 6.

Neema: Wafilisti tena?

Baba Mdogo: Ndiyo. Sanduku la Agano, walilowateka Waisraeli, limekaa kwao miezi saba, majipu yamewashika. Makuhani wao wakawauliza, mbona mnafanya migumu mioyo kama Wamisri na Farao? Kaved ileile. Hawakuuliza nani alianza. Wakatengeneza gari jipya, wakafunga ng'ombe wawili wanaonyonyesha, Sanduku likaenda zake Beth-shemeshi.

Bibi: Na ndama wakafungiwa nyumbani. Wale ng'ombe walilia njia nzima, hawakugeuka kulia wala kushoto.

Shangazi: Hapo kwa ng'ombe nilikuwa napapita tu. Ngoja nirudie.