Mombasa kwenda Nairobi: treni ya kila stesheni, Express au basi?

BinChangamwe
Wakubwa shikamooni, wengine salaam. Nyumbani wananiita mwehu wa reli, nami sikatai. Mwezi ujao nampeleka mpwa wangu chuoni Nairobi, na kijana hajapanda treni maishani. Mie nataka ile ya asubuhi, ya Inter-County. Dadangu asema twende na Express ya saa tisa mchana, masaa kama matano mko Nairobi, kwani kuna nini huko njiani?

Kuna mengi! Hii ya asubuhi yasimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Shule zikifunguliwa, simama mlangoni pale Voi utazame: sanduku la bati, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, mama aita jina la mtoto huku treni ishaanza kutoa honi. Express yapita hapo na kukuonyesha paa. Lisaa la ziada ndilo hilo, na mie nalitaka. Nyie mwaonaje?

MamaTudor
Treni nzuri, sibishi. Lakini stesheni ya huku iko Miritini, si mjini, na ya kule iko Syokimau, si Nairobi katikati. Toa nauli ya tuktuk huku, toa ya matatu kule. Mie basi la usiku nalipandia Mwembe Tayari, najifunika leso, nikiamka niko katikati ya jiji. Na ukienda mchana, basi lasimama Mackinnon Road, mtu akaswali pale msikitini kwa Sayyid Baghali. Treni yako itasimama?

BinChangamwe
Hapo umenipata, haisimami. Ila Syokimau kuna treni ndogo ya kuwapeleka abiria mpaka stesheni ya zamani mjini, kwenye geji, yaani upana wa reli, ya mita moja. Hii mpya ni milimita 1,435. Reli mpya imechomelewa ikawa kipande kimoja, wapita kimya. Ile ya zamani ina maungio, gurudumu lagonga tak-tak, tak-tak. Nataka kijana azisikie zote mbili siku moja. Basi litampa hilo?

KijanaBamburi
Litampa usingizi 😄

MzeeMazeras
Mwalinganisha na basi, mie nalinganisha na ile treni ya zamani iliyokoma 2017. Reli yake ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na ndiyo tuliyokulia. Jioni mhudumu alipita na kidude cha kugonga, ting ting ting, kuita watu mezani. Ukirudi chumbani wakuta kitanda kishatandikwa. Raha, wallahi.

Lakini msimdanganye kijana. Ratiba ile ilikuwa ya kuning'iniza ukutani tu. Waamka asubuhi, wachungulia dirishani, bado uko porini, na huko Nairobi watu wakungoja harusini. Vijana wanaoililia leo wengi hawakuipanda. Mpeleke na hii mpya, na mie naunga mkono ya asubuhi.

KijanaBamburi
La maana ni tiketi. Kata mapema kwa simu, *639#, usitegemee kuipata dirishani siku ya safari, hasa vyuo vikifunguliwa. Ekonomi ni 1,500 tangu Januari 2024, daraja la kwanza 4,500. Hiyo tofauti mpe mwanafunzi akanunue sufuria. Ekonomi upande mmoja viti vitatu, mwingine viwili, na mwatazamana magoti kwa magoti. Mpwa akae dirishani. Mkiingia Tsavo asilale, ndovu wa huko ni wekundu kwa vumbi na wakati mwingine wako karibu na reli.

MamaTudor
Haya, nendeni na hiyo ya asubuhi. Kurudi je?

BinChangamwe
Kurudi niko peke yangu, nachukua ya saa nne usiku. Gizani hakuna cha kutazama, nalala.

MamaTudor
Ufike Miritini kabla ya adhana ya alfajiri? Nani atakuja kukuchukua saa hizo, yakhe?

BinChangamwe
Shemeji ana tuktuk. Bado sijamwambia.