Anayeisoma Hotuba Siye Aliyeiandika

Mimi: Shikamooni wakubwa zangu. Kesho nina mdahalo: ufalme wa kikatiba na mfumo wa urais, upi unamdhibiti kiongozi vizuri zaidi? Nimepangwa upande wa ufalme na sijui nianzie wapi. Mfalme ambaye hakuchaguliwa na mtu anamdhibitije kiongozi?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Wengi hujikwaa hapohapo. Mfalme hamdhibiti mtu. Kazi yake ni kukikalia kile kiti kikubwa ili mwenye madaraka asikikalie.

Mimi: Sijakupata Shangazi 🙏

Shangazi: Marekani, rais ndiye mkuu wa nchi na ndiye mkuu wa serikali. Anayepigiwa mizinga 21 ndiye huyohuyo anayeteua mawaziri na kuamuru jeshi. Uingereza, Japan na Norway wamevitenganisha: heshima ya nchi iko kwa mfalme, kazi iko kwa waziri mkuu. Ukimkosoa waziri mkuu, hawezi kusema umeidharau nchi, maana nchi ina mtu wake mwingine.

Baba Mdogo: Mweleze ile ya hotuba.

Shangazi: Ehe. London, Bunge linapofunguliwa, mfalme anavaa taji, anaketi kwenye kiti cha enzi na kusoma kwamba "serikali yangu" itafanya hivi na hivi. Kila neno limeandikwa na mawaziri. Hata kama sera inamchoma moyoni, ataisoma vilevile bila kukunja uso. Na kabla ya hapo mjumbe wake hutumwa kuwaita wabunge waliochaguliwa. Akikaribia tu, wanamfungia mlango usoni! Anaugonga mara tatu kwa fimbo yake nyeusi ndipo wanamfungulia. Maana yake, mtu wa mfalme haingii kwao bila kubisha hodi.

Kaka: Mila nzuri, Shangazi. Lakini mimi siwezi kukubali mtoto yuko tumboni na kiti cha nchi kinamngoja. Rais anapigiwa kura.

Baba Mdogo: Hoja hiyo ina uzito, na mdogo wako asiipuuze kesho. Ila nikuulize: mkishampigia kura kisha mkaona mmekosea, mnamtoaje? Rais wa Marekani ana miaka 4 yake. Ili aondolewe kabla, Baraza la Wawakilishi limfungulie mashtaka, halafu theluthi mbili ya maseneta wamtie hatiani. Walishtakiwa Andrew Johnson mwaka 1868, Clinton 1998, na Trump mara mbili, 2019 na 2021. Seneti haikumtia hatiani hata mmoja. Nixon alijiuzulu mwenyewe 1974 kabla hawajamfikisha huko.

Baba Mdogo: Sasa linganisha na James Callaghan, waziri mkuu wa Uingereza. Tarehe 28 Machi 1979 alipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye. 311 kwa 310. Uchaguzi ukaitishwa, akaingia Thatcher. Hapakuhitajika kosa wala ushahidi. Wabunge kukosa imani naye kulitosha.

Mimi: Kura MOJA??

Baba Mdogo: Moja.

Shangazi: Na mwaka 2022 je? Septemba 6 Malkia Elizabeth, mkongojo mkononi, alimpokea Liz Truss kule Balmoral, kasri lake la Scotland, na kumkabidhi serikali. Siku mbili baadaye Malkia akafariki. Wiki saba tangu siku ile ya Balmoral, Truss naye hayupo, chama chake mwenyewe kimemchoka. Mfalme Charles akamwita Rishi Sunak.

Kaka: Umenipa hoja mwenyewe, Shangazi! Mwaka mmoja mawaziri wakuu watatu, Boris Johnson, Truss na Sunak, na wananchi hawakuitwa kupiga kura. Nani aliulizwa hapo?

Shangazi: Hapo umenishika, mwanangu. Waziri mkuu anatoka kwa wabunge, na huo ni udhaifu wa kweli. Nikuongezee na mwingine: waziri mkuu mwenye wabunge wengi nyuma yake hupitisha karibu lolote. Rais wa Marekani anaweza kugomewa na Bunge lake hadi fedha zikakwama. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 sehemu ya serikali yao ilifungwa siku 35.

Mama: Na mfalme akigoma kusaini sheria?

Baba Mdogo: Shemeji, Uingereza mara ya mwisho ilikuwa 1708, Malkia Anne. Lakini Ubelgiji ni juzi tu, 1990. Dhamiri ya Mfalme Baudouin haikumruhusu kusaini sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Serikali ikatangaza kwamba kwa muda huo hawezi kutawala, mawaziri wakasaini wenyewe, kisha Bunge likamrudisha kitini. Mimi namheshimu sana mtu yule. Hakusaini asichokiamini, na hakuwazuia waliochaguliwa.

Bibi: Nimewasoma wote. Mbona mfalme wa Eswatini anatawala kweli?

Shangazi: Shikamoo mama. Ndiyo maana tunasisitiza "wa kikatiba". Eswatini mfalme ndiye mwenye neno la mwisho serikalini. Lesotho nako kuna mfalme, Letsie III, lakini anayeongoza serikali ni waziri mkuu.

Bibi: Marahaba. Kumbe jina moja, mambo mawili.

Kaka: Mdogo wangu, ngoja nikuonyeshe watakapokubana. Ujerumani na India ni jamhuri. Zina marais, lakini kazi zao zinafanana na za mfalme, serikali iko kwa kansela au waziri mkuu. Bunge linaweza kumtoa kiongozi, na hakuna aliyerithi kiti. Watakuuliza taji la nini.

Mimi: 😳 Nitajibu nini?

Shangazi: Usikatae, kwa sababu ni kweli. Waambie wewe umepewa kulinganisha na mfumo wa urais, na rais wa Ujerumani hayumo katika mfumo huo.

Kaka: Wakikazania?

Mimi: Nitawarudisha kwenye 311 kwa 310. Niwaulize Marekani kura moja ingemtoa nani.

Bibi: Lala sasa. Kesho jioni unipigie, usiache hata neno moja la upande wa pili.