Tupeane uzoefu: Boston wakati majani yanapopukutika

Mwana wa Ngamiani
Waungwana, jana nilikuwa nikipekua kabati kutafuta cheti cha chanjo, na ndani ya kamusi ya zamani nikakuta jani kavu la mti wa mepo (maple), rangi yake bado ni damu ya mzee kama siku nilipoliokota katika bustani ya Boston Common, Oktoba 2017. Nauleta uzi huu kwa sababu mdogo wangu wa kike anaondoka Tanga katikati ya Oktoba kwenda huko kwa mafunzo ya wiki tatu, na mengi anayoniuliza nimeyasahau.

Nianze na langu. Kabla ya safari niliangalia utabiri wa hali ya hewa, nikaona nyuzi 14, nikajisemea kwamba nimeishi Lushoto miaka miwili na nyuzi 14 ninazijua. Sikujua kwamba nyuzi 14 za Boston ni za mchana, zinakuja na upepo wa baharini unaopenya hadi kwenye vifungo vya shati, na kwamba alfajiri hali huwa nyingine kabisa. Asubuhi ya kwanza nilitembea hatua mia mbili, nikarudi hotelini, nikavaa suruali ya kulalia ndani ya suruali ya suti, na katika hali hiyo nikawasilisha mada yangu mbele ya watu themanini.

Shangazi wa Mikocheni
Upepo ule naukumbuka. Nilikwenda vuli ya 2014, na masikio hayakuwa yangu mpaka nilipopata kofia.

Mzee wa Karume
Binti asidanganywe na maduka ya huko. Afike soko la mitumba la Karume mapema wakati marobota yanafunguliwa, achague koti zito la sufu, alipe kwa shilingi zetu na apande ndege akiwa ameshajikamilisha.

Mlowell
Mimi ni mzaliwa wa Kitale na ninaishi Lowell, kaskazini-magharibi mwa Boston, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unaweza kumaliza Jumapili nzima bila kusema Kiingereza. Ushauri wa Mzee usifuatwe. Katika jimbo la Massachusetts nguo isiyozidi dola 175 haitozwi kodi ya mauzo, ilhali bidhaa nyingine nyingi hutozwa asilimia 6.25. Aje na sweta ya kumvusha uwanja wa ndege tu. Basi la Silver Line linalotoka uwanja wa Logan kwenda mjini halitozi nauli, kwa hiyo hela ya teksi aiongezee kwenye koti.

Mzee wa Karume
Ndugu yangu wa Lowell, makoti ninayouza yametoka huko huko kwenu. Binti analirudisha tu nyumbani kwao.

Mwalimu wa Fasihi
Shangazi aniwie radhi, lakini vuli ni mvua zetu za Oktoba hadi Desemba. Kule hakuna vuli, kuna majira ya mapukutiko, na tukiendelea kuchanganya hivi watoto wataamini kwamba Boston watu hupanda mahindi mwezi Novemba.

Shangazi wa Mikocheni
Mwalimu, aliyeniandikia "vuli" ubaoni ni mwalimu mwenzako wa jiografia. Mtu aliyekufa ganzi masikio hana nafasi ya kuchagua istilahi.

Mwalimu wa Fasihi
Basi tuyaache, nijibu lenye manufaa. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili. Kijani kikiondoka, rangi ya manjano iliyokuwamo muda wote ndani ya jani huonekana, lakini wekundu wa mepo hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki majanini, ndiyo maana siku za jua kali na usiku wa baridi isiyogandisha huzaa mwaka mwekundu zaidi. Milima ya New Hampshire hutangulia, mwanzoni mwa Oktoba, na Boston hufuata mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo binti atafika kwa wakati. Aende Arnold Arboretum, shamba la miti lililoanzishwa mwaka 1872, ambalo halina kiingilio. Mimi nilikaa pale chini ya mti mmoja tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, na sikufungua kitabu nilichokibeba.

Binti wa Mkunazini
Nilikuwa nimeazimia kusoma tu, lakini mmetaja mwisho wa Oktoba na moyo umenienda mbio.

Kaka yangu anasoma Cambridge, ng'ambo ya mto, nikampeleka bimkubwa kumtembelea. Bimkubwa alikuwa na haja moja tu, kuiona Salem. Mnaotoka Unguja mnajua sababu: ile nguo ya merikani waliyovaa mababu zetu ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, waliokuja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, na baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, balozi mdogo wao wa kwanza Unguja, Richard Waters, alitoka mji huo huo. Mama alikuwa amesimuliwa habari za merikani na bibi yake. Tukapanda treni North Station, safari ya nusu saa hivi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na hakuna aliyetuambia tarehe hiyo ina maana gani.

Salem ndiko watu 19 waliponyongwa mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi, na siku hizi mwezi mzima wa Oktoba mji huo hufanya sherehe za Halloween, watu wakijivika kama wachawi na mizimu. Tuliposhuka nikaona mafuvu, mapopo, maharusi waliotapakaa damu, na watu waliojifunga minyororo, maelfu kwa maelfu. Mama akanishika mkono, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Katika mtaa wa Essex, usiopita magari, nikauachia mkono wake nitoe pesa za maji. Nilipogeuka hakuwepo.

Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Kiingereza chake ni "thenkyu". Nikaanza kumtafuta mwanamke aliyevaa buibui jeusi, katika mji ambao siku hiyo kila mwanamke wa tatu alikuwa amevaa joho jeusi! Niliwashika watu watatu mabega, wakageuka wana pua za bandia. Nikamwendea polisi, akaniuliza mama amevaa nini, nikamjibu, akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Saa moja na nusu nilizunguka nikilia hadharani, na wapitaji wakanisifu kwamba ninaigiza vizuri.

Nilimkuta kwenye benchi, mbele ya jumba la makumbusho, kwa kuwa ndani ya treni nilimwambia tunakwenda mahali penye mlango mkubwa wa vioo. Pembeni yake ameketi mtoto wa kike aliyevaa mabawa ya popo, anakula visheti vyetu, na mama yake mtoto amesimama nyuma yao kama askari. Mapajani mwa bimkubwa kulikuwa na pipi zisizopungua kilo. Akaniambia, "Watu wa hapa wana adabu, kila anayetaka kunipiga picha ananiomba kwanza. Wewe ulikuwa wapi?"

Shangazi wa Mikocheni
Nimecheka mpaka nimelia, kisha nikalia kwa kweli.

Abu Twaha
Mimi sijacheka. Vazi la heshima la mama mtu mzima limegeuzwa kinyago, na binti analisimulia kama kichekesho. Tena kumpeleka mzazi kwenye sherehe za mashetani ni jambo la kujiuliza.

Binti wa Mkunazini
Ndugu Abu Twaha, tulikwenda kuangalia historia ya merikani, mashetani tuliyakuta stesheni. Na aliyekuwa wa kwanza kucheka ni mwenye buibui.

Mkimbiaji wa Mbulu
Turudi Boston jamani. Katika mtaa wa Boylston mstari wa kumalizia mbio za marathoni umechorwa barabarani na hukaa hapo mwaka mzima, ingawa mbio zenyewe ni za Aprili. Nilisimama juu yake mwezi Novemba, mvua ya rasharasha inaninyeshea, nikimkumbuka Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa aliyeshika nafasi ya pili hapo miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ule wa kwanza alishindwa kwa sekunde moja. Dereva alinipigia honi, sikumjali.

Mlowell
Alishindwa na Ibrahim Hussein, Mkenya, ukumbuke kuandika sentensi ikamilike.

Mkimbiaji wa Mbulu
Niliiacha makusudi.

Mzee wa Karume
Mimi bado niko kwa bimkubwa. Visheti vilipitaje uwanja wa ndege?

Binti wa Mkunazini
Tulivitaja kwa maofisa wa forodha bila kuficha, wakaviangalia, wakaturuhusu. Nyama na matunda ndiyo asithubutu kubeba, hata embe moja. Na kama atafuatana na mtu mzima, amwandikie karatasi yenye namba ya simu na anwani, aitie mfukoni mwake mzee mwenyewe, wala si ndani ya mkoba wa anayemwongoza.

Mlowell
Nimesahau la muhimu kuliko koti. Wiki tatu kuanzia katikati ya Oktoba zitamfikisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usiku huo saa nane hurudishwa kuwa saa saba. Simu hujirekebisha, saa ya mkononi haijirekebishi. Mwaka wangu wa kwanza nilifika kanisani saa nzima kabla ya kufunguliwa, nikasimama mlangoni kwenye nyuzi mbili, nikiamini kwamba waumini wote wamenyakuliwa na mimi nimeachwa. Kuanzia siku hiyo jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni, na tofauti ya saa na nyumbani huongezeka kutoka saba hadi nane, kwa hiyo awaonye wanaompigia simu.

Abu Twaha
Hilo la jua ni kweli. Baina ya alasiri na magharibi unapata muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, tena ukinywe kwa haraka.

Shangazi wa Mikocheni
Na mapafu ya watu wa Tanga yanaweza kuzoea? Mimi ningempa mafuta ya karafuu.

Mzee wa Karume
Mpe koti.

Binti wa Mkunazini
Nimemsomea bimkubwa uzi wote. Anamsalimu Abu Twaha, na anauliza mdogo wake Mwana wa Ngamiani anaondoka tarehe ngapi hasa, maana ana mzigo mdogo sana wa kaka yangu.

Mwana wa Ngamiani
Mdogo kiasi gani?