Mume anamaliza ubingwa Marekani kwa J-1 (viza ya mafunzo): niuze famasi nimfuate, au nilipe kodi ya fremu?

MamaFamasi, 19 Agosti 2024

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina famasi ndogo Sinza, maeneo ya Kumekucha. Mume wangu ni daktari, yuko Marekani anasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, anamaliza Juni mwakani. Mimi na watoto tupo Dar, Marekani hatujakanyaga. Wakati anaondoka tulijua kabisa kuna sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, hata barua ya Wizara ya Afya ilikuwa na maneno hayo.

Sasa juzi kanipigia, kuna hospitali ya mji mdogo North Dakota inamtaka, watamwombea weiva, yaani asamehewe sharti hilo, halafu grini kadi. Mama mkwe kasikia, tayari ananiaga. Kuna dada keshakuja kuhesabu stoku na makabati, na mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima mwisho wa mwezi huu.

Weiva ikitoka ndiyo grini kadi tayari? Na kuna ndugu kaniambia ubalozi wetu ukiandika barua ya kutokuwa na pingamizi mambo yanaisha. Kweli?

Mtoto wa Keko

Dada uza uende. Mume wa Marekani haachwi peke yake 😂

DaktariWaVijijini

Shemeji, usimsikilize huyo. Mwezi huu usiuze hata kabati.

Mimi nimepita njia hiyohiyo, nipo mwaka wa pili wa mkataba huku Kansas. Weiva inaondoa lile sharti la miaka miwili, basi. Bila weiva, mumeo hapati viza za kazi za H wala L, wala grini kadi, mpaka akae Tanzania jumla ya miaka miwili. Akiipata anaruhusiwa kuanza safari nyingine, na hiyo ndiyo ndefu.

Barua ya ubalozi sahau. Inawasaidia watu wengine wa J-1, lakini daktari aliyekuja kusomea ubingwa sheria imemtoa kwenye njia hiyo.

Anachoambiwa huko bila shaka ni mpango wa Conrad 30, wa weiva kwa madaktari. Aliyeuanzisha ni Seneta Kent Conrad, wa hukohuko North Dakota, mwaka 1994. Kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, na mwaka wa serikali yao unaanza 1 Oktoba. Kwa hiyo kama anamaliza Juni, muda wa kusaini mkataba ni sasa. Maombi yanaanzia idara ya afya ya jimbo, yanakwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, mwisho uhamiaji. Hapo katikati ni kusubiri tu, na hakuna wa kumpigia simu akusukumie faili.

Akipita, anafanya kazi miaka mitatu kwa viza ya kazi ya H-1B, saa 40 kwa wiki, kwenye eneo lenye upungufu wa madaktari. Wewe na watoto mnaingia kwa H-4, viza ya familia yake. Watoto watasoma vizuri, ila wewe huruhusiwi kufanya kazi. Mpaka ombi lake la uhamiaji, I-140, likubaliwe ndipo uombe kibali. Na leseni yako ya famasi haivuki na wewe, unaanza mitihani yao upya. Mke wangu alikuwa nesi wodi ya wazazi, mwaka wa kwanza alishinda dirishani anahesabu malori ya ngano. Hilo hakuna wakili atakayekuambia.

Grini kadi yenyewe haitoki kabla ya ile miaka mitatu kwisha. Akiomba grini kadi kwa njia ya maslahi ya taifa ni miaka mitano ya kuhudumia maeneo hayo. Mwambie akutumie mkataba wote, usome kifungu cha fidia akiondoka mapema. Wengine wanasaini kwa furaha bila kukifika.

Mlipa Kodi

Yaani Bodi ya Mikopo iwasomeshe, Wizara iwaandikie barua, halafu mkatibu wakulima wa Kansas. Kule kwetu Kilwa daktari bingwa tunamsikia redioni.

DaktariWaVijijini

Mkopo nalipa kila mwezi mkuu. La Kilwa sikubishii.

MamaFamasi

Asante sana shemeji, Mungu akubariki. Moja la mwisho: hospitali ikifungwa au wakimwachisha kabla ya miaka mitatu?

DaktariWaVijijini

Ikifungwa, sheria inamruhusu kuhamia kituo kingine kwenye eneo lenye upungufu amalizie muda uliobaki, ila athibitishe kwa uhamiaji kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Akiondoka kwa kuwa tu bosi kamuudhi, sharti la miaka miwili linamrudia. Kwa hiyo kabla ya kusaini, aende mwenyewe akaone. Na aende Januari, siyo kiangazi. Kule watu wanachomeka gari kwenye umeme usiku ili injini iwake asubuhi.