Warfarini kwenye plazma: kilele kinahamahama na dawa inapotea

Swali
Wakuu, habari za kazi. Napima warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) kwenye plazma (maji ya damu) kwa HPLC, mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzisukuma ndani ya kolamu. Kolamu ni C18, milimita 150 × 4.6, chembe za mikromita 5, UV nanomita 308. Kimiminika ni methanoli 60 kwa bafa (myeyusho wa kushikilia pH) ya fosfeti 40, pH 5. Plazma mikrolita 200 nachanganya na asetonitrili 200, nazungusha, nadunga 50. Kilele cha dawa kwenye grafu ni kipana, muda wake wa kutoka unahama kila siku, na dawa ninayoipata haifiki nusu ya niliyotia. Nakosea wapi?

Jibu
Mkuu, anza na pH. pKa ya warfarini, yaani pH ambayo nusu ya molekuli zina chaji na nusu hazina, iko karibu na 5, sawa na bafa yako. pH ikiteleza kidogo tu, muda nao unateleza. Tena fosfeti haiwezi kuishikilia pH hapo. Nguvu yake iko karibu na 2.1 na 7.2. Pima KH2PO4 gramu 3.40 kwa lita, shusha hadi pH 3 kwa asidi ya fosforiki kabla ya kutia methanoli, kisha chuja. Warfarini ikiwa haina chaji itachelewa kutoka, kwa hiyo ongeza methanoli kidogo kidogo.

Jibu
Kuhusu dawa kupotea: karibu asilimia 99 ya warfarini imeng'ang'ania albumini, protini ya plazma, na asetonitrili kiasi hicho haiangushi protini zote. Tia 600, tikisa dakika 1, zungusha kwa 10,000 g dakika 10. Ila usidunge maji hayo ya juu vivi hivi. Asetonitrili asilimia 75 huisukuma dawa kabla haijashika kolamu, ndipo kilele kinapanuka au kupasuka. Kausha kwa naitrojeni, nyuzi 40, yeyusha kwa kimiminika chako. Naproksini iwe kilinganishi cha ndani (dawa nyingine ya kiasi kinachojulikana), itiwe kabla ya asetonitrili. Viwango vya kulinganishia viandae kwenye plazma isiyo na dawa, si kwenye maji.

Aliyeuliza
Asanteni. Plazma ni ile inayobaki baada ya kupima INR (kasi ya damu kuganda).

Jibu
Kumbe ni mirija ya sitreti, kizuia kuganda cha majimaji! Sitreti ni sehemu 1 kwa damu 9, na karibu yote huishia kwenye plazma. Hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe) ikiwa asilimia 40, damu mililita 9 ina plazma 5.4, nayo inakuwa 6.4, yaani kipimo kinashuka kama asilimia 16. Chukua damu kwenye mirija ya EDTA, kizuia kuganda kingine. Halafu C18 haitenganishi S na R, maumbo mawili ya warfarini yanayoakisiana kama kwenye kioo. Kama lengo ni kimeng'enya cha ini CYP2C9 utahitaji kolamu ya kairali (inayotenganisha maumbo hayo), maana kimeng'enya hicho huivunja hasa S, yenye nguvu mara 3 hadi 5 kuliko R.