Ushauri: Masika imeua nyanya za kilimo hai, nipandishe bei ya kikapu au nivumilie?

Mwenye Vikapu
Wakuu, habari za jioni. Silali vizuri. Nachukua mboga za kilimo hai kwa wakulima wa Mgeta, milimani Morogoro, naleta Dar vikapu 38 kila Jumamosi. Kikapu 35,000, bei moja mwaka mzima. Sasa masika hii imetuletea ugonjwa wa bakajani chelewa: Jumatatu jani lina doa kama limemwagiwa maji ya moto, Ijumaa shina jeusi, nyanya zina ukurutu wa kahawia begani. Dawa za kiwandani haturuhusiwi. Ile ya shaba inayoruhusiwa kidogo, ukipiga asubuhi, mchana mvua imeshaiosha. Nyanya chache zilizopona mkulima anataka bei mara mbili. Nipandishe, au nile hasara mpaka Juni?

Kipepeo wa Ubungo
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

Mama Tenga
Mwanangu, nina miaka 14 sokoni. Masika nyanya ni dhahabu, Agosti unabembeleza mtu achukue. Mvua zile za El Nino, 2023 kuingia 2024, Fuso yetu ililala njiani siku mbili. Kufungua, matenga ya chini supu tupu. Nililia pale pale barabarani, dereva akaninunulia chapati.

Mjukuu wa Uluguru
Mkuu, nyanya ya masika bila paa la nailoni kule mlimani ni kamari. Kiangazi nako kuna kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya. Jaza kikapu karoti, liki, mnafu, matembele, nyanya zipumzike. Ila nikuulize, hizo chache zilizopona zilitosha vikapu 38?

Mwenye Vikapu
Wateja wamepata mboga kama kawaida.

Mjukuu wa Uluguru
Na nyanya?

Mwenye Vikapu
Zilikuwepo.

Mjukuu wa Uluguru
Za wapi?

Mwenye Vikapu
Haya, niseme. Sokoni Ilala. Tenga moja kila wiki, wiki mbili sasa. Nikafuta ule unga wa dawa, nikabandika stika ya Kilimohai, ile alama ya mazao ya kilimo hai. Lakini jamani, mteja akikosa nyanya anahama! Na bei sijaongeza hata mia. Hakuna aliyelalamika, tena mmoja amesifia kwamba wiki hii hazina madoa.

Baba Wawili
Mke wangu ana mzio. Tunanunua mboga hizo kwa bei ya kuumiza ili tukwepe huo unga, wewe unaufuta na kutuletea? Riziki ya namna hiyo haikai, kaka.

Ngosha Mtoro
Kumbe tofauti ni stika? Niuzie mbili, nibandike kwenye maembe ya mama mkwe.

Jembe Halilali
Stika ya Kilimohai si yako peke yako. Wakulima wale wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, shamba kwa shamba. Ukikamatwa wewe na tenga la Ilala, watakaoulizwa ni kikundi kizima, hata yule bibi mwenye matuta matatu ya karoti.

Kamusi ya Mtaa
Hii chai. Mwezi wa pili huyu huyu alifungua uzi wa kuuza bajaji Mwanza, leo ana wateja 38 Dar? Na nani anafuta tenga zima, nyanya moja moja?

Ngosha Mtoro
Na haina sukari.

Mwenye Vikapu
Bajaji ni ya shemeji, nilimtangazia tu. Nyanya nilifuta na mdogo wangu kwa kanga kuukuu ya mama, saa mbili usiku mpaka saa nane. Imegeuka kijivu, iko kwenye beseni, mama anauliza nani kaichafua.

Kamusi ya Mtaa
Weka picha ya kanga.

Mama Tenga
Achaneni na kanga. Leo Alhamisi. Za keshokutwa umeagiza wapi?

Mwenye Vikapu
Ilala nimeshalipia, mama.

Mjukuu wa Uluguru
Kwa hiyo ushauri ulikuwa wa nini? Uza hilo tenga kwa mama lishe, halafu waandikie wateja: hakuna nyanya mpaka mvua zikatike, na hizo za wiki mbili zilikuwa za sokoni.

Mwenye Vikapu
Nimeandika, ila hiyo sehemu ya wiki mbili nimeiruka. Bado sijatuma. Saa hizi si watakuwa wamelala?

Kipepeo wa Ubungo
Saa moja na nusu hii? Bado nimekaa paleee.