Wakuu naombeni ushauri: RX 9070 XT au RTX 5070 Ti? Kaka anarudi kutoka Dubai tarehe 14

KijanaWaTabata (mtoa mada):

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie kuchagua kadi ya picha ya kompyuta kabla sijatoa hela. Hii ni akiba ya miezi kumi na moja na nikikosea sina nyingine ya kurekebishia.

Mashine yangu ina prosesa ya Ryzen 7 5700X, ram GB 32, pawa saplai ya wati 650 na kadi ya GTX 1660 Super yenye GB 6. Monita nilibadilisha mwezi wa nne, inchi 27, 2560 kwa 1440, 165Hz. Tangu hapo kadi imeelemewa kabisa. Cyberpunk 2077 nashusha kila kitu hadi chini, bado nikifika penye watu wengi gemu inakatakata mpaka naizima.

Kaka yangu yuko Dubai kwa shughuli zake na anarudi tarehe 14. Ameniulizia pale Al Ain Centre, jengo la maduka ya kompyuta, tofauti ya bei ya 9070 XT ya AMD na 5070 Ti ya Nvidia ikigeuzwa kuwa hela yetu inakaribia laki nne. Hapa Dar nimeulizia Kariakoo, 5070 Ti ipo duka moja tu na bei imesimama juu sana. Laki nne kwangu ni kodi ya miezi miwili, sitaki kuitupa kwa ajili ya jina kwenye boksi. Lakini pia sitaki kununua ya bei nafuu halafu nijute miaka minne.

Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

FremuKwanza:

Mkuu chukua 9070 XT ulale usingizi. Zote mbili zina memori GB 16. AMD waliitangaza kwa dola 599 na ikatoka Machi 2025, ya Nvidia ilitangazwa kwa dola 749 na ilitoka wiki mbili kabla. Kwenye gemu za kawaida, pasipo rei tresingi (kukokotoa miale ya mwanga), kwa monita yako ya 1440 zinapishana kidogo sana, kuna gemu hii inaongoza na kuna gemu ile inaongoza. Hutaona kwa macho.

Zamani sababu ya kuikimbia AMD ilikuwa FSR, njia yao ya kukuza picha ndogo ili gemu iende kasi: picha ilikuwa inachafuka ukiikuza, nyaya na majani yanatetemeka. FSR 4 ya kadi hizi mpya si ile tena, nayo imefundishwa kwa akili mnemba kama DLSS, njia ya Nvidia ya kazi hiyohiyo. Nimetoka 3070 kuja 9070 XT na sijutii hata siku moja. Hiyo laki nne nunua SSD ya TB 2 na kiti cha maana.

Mzee_wa_Miale:

FremuKwanza umesema kweli nusu. Mwenzetu ametaja Cyberpunk yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo gemu ambayo pengo linaonekana wazi. Ukiwasha rei tresingi ya kawaida, 9070 XT inajitahidi, AMD wamepiga hatua kubwa kizazi hiki. Ukiwasha ile kamili inayokokotoa kila mwanga na kila kivuli, 5070 Ti inaiacha mbali. Na DLSS iko kwenye gemu nyingi kuliko FSR 4, hasa gemu za miaka mitatu minne nyuma ambazo wengi wetu ndizo tunazocheza.

Sitamdanganya mtu kuhusu zile fremu (picha za kila sekunde) za kuzalishwa. Kadi hizi zilipotoka Nvidia walitangaza hadi fremu tatu za nyongeza kwa kila moja ya kweli. Namba inapanda, lakini mkono hausikii wepesi huo, kwa sababu kadi bado inasoma maagizo yako kwa kasi ya fremu za kweli tu. Ukiwa na 60 za kweli inapendeza. Ukiwa na 25 za kweli, hata ikiandika 100 utahisi unasukuma gari bovu.

Fundi Umeme Sinza:

Mdogo wangu, wote wanakuongelesha fremu, mimi nakuuliza hiyo pawa saplai ya 650 ni ya kampuni gani na ina umri gani?

9070 XT inakula wati 304, 5070 Ti wati 300. Kwenye LUKU hakuna tofauti: ukicheza saa nne kwa siku kadi imekula kama yuniti moja na robo, iwe hii iwe ile. Lakini kampuni zote mbili zinapendekeza pawa saplai ya wati 750. Kadi hizi huruka juu ya wati zake kwa sekunde ndogo ndogo, na pawa saplai iliyochoka inazima mashine katikati ya gemu. Nimeletewa mashine za hivyo ofisini kwangu, mwenyewe ameshapeleka kadi dukani mara mbili akidai mbovu, kumbe kadi haina kosa.

Plagi nazo. 9070 XT nyingi zinatumia plagi za pini 8, kila moja imepimwa wati 150. Vuta waya wake kwa kila plagi kutoka kwenye pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. 5070 Ti inatumia ile ya pini 16 ambayo watu wanaiogopa kwa sababu iliyeyuka kwenye 4090 na 5090. Hizo ni kadi za wati 450 na 575. Kwa wati 300 mzigo ni nusu ya uwezo wa plagi, ila isukume mpaka usione mwanya hata wa unywele, na usiukunje waya karibu na kichwa chake.

Halafu sisi tuko pwani. Chumba kisicho na AC saa tisa mchana ni nyuzi 31, 32, na hewa ya chumvi inashikisha vumbi kwenye mapezi ya kadi. Chukua toleo la feni tatu, lipulize vumbi kila baada ya miezi miwili. Na kama mtaa wenu umeme hukatika ukarudi kwa kishindo, usiichomeke kadi ya milioni mbili na ushee moja kwa moja ukutani. Weka UPS (betri ya akiba) yenye wimbi safi la umeme, siyo lile la ngazi, maana pawa saplai nyingi za kisasa hugoma kwenye la ngazi pale umeme unapokatika.

Mama_Renda:

Kaka, swali ambalo hakuna aliyekuuliza: zaidi ya gemu, hiyo mashine unaifanyia nini?

KijanaWaTabata:

Shikamoo Fundi. Pawa saplai ina miaka mitano na jina lake ukitafuta mtandaoni hulipati, kwa hiyo nimeelewa.

Dada Mama_Renda, nahariri video za harusi na send-off. Ndiyo hela yenyewe imetoka huko. Tunapiga na Sony A7 IV mbili, nahariri kwa programu ya DaVinci Resolve ya bure. Sikutaja kwa sababu nilidhani kwa kazi hiyo kadi yoyote kubwa itatosha. Sasa hivi natengeneza proksi (nakala nyepesi za video) usiku kucha ndipo asubuhi nianze kukata.

Mama_Renda:

Basi uzi ulitakiwa uanzie hapo.

Ukipiga na A7 IV kwa biti 10 na rangi ya 4:2:2 (namna ya kuhifadhi rangi kwa undani zaidi), mafaili yale ndiyo yanayoitesa mashine yako, na siyo kwa sababu kadi yako ni dhaifu. Kadi nyingi hazina sehemu ya kusoma 4:2:2, hivyo kazi yote inaangukia kwenye prosesa. Kadi za mfululizo wa 50, kama 5070 Ti, ndizo za kwanza za Nvidia zenye sehemu hiyo. 9070 XT haina. Ukiiweka 9070 XT gemu zitaruka, lakini proksi utaendelea kutengeneza usiku kucha.

Ila usiishie kwenye kadi. Kwa Windows, Resolve ya bure haitakupa faida yote ya hii sehemu kwa mafaili hayo, unahitaji Studio, toleo lake la kulipia. Ni dola 295, unalipa mara moja tu. Iweke kwenye bajeti leo, usije ukashangaa baadaye. Na kama huwa unagusa Blender, programu ya 3D, kwa ajili ya majina ya maharusi na mapambo, huko nako Nvidia wanapata OptiX, njia yao ya kurenda (kutoa picha ya mwisho), inarenda haraka kuliko njia ya AMD.

Mimi nilinunua kadi kwa kufuata ushauri wa wacheza gemu, nikakaa nayo miezi minane nikiwachelewesha wateja, nikaiuza kwa hasara. Bibi harusi mmoja alipata video yake akiwa na mimba ya miezi saba. Naumia mpaka leo nikikumbuka simu zake.

FremuKwanza:

Sikujua habari ya 4:2:2, nimejifunza. Kwa mtu wa gemu tupu bado nasema 9070 XT na sibadiliki. Kwa mtoa mada natoa kura yangu, achukue 5070 Ti.

Chuma_Kizito:

Kuna jamaa anauza kadi ya AMD 7900 XTX iliyotumika, GB 24, bei ya 9070 XT. Haimfai?

Mzee_wa_Miale:

Memori tamu, lakini ni kadi ya Desemba 2022, wati 355, rei tresingi dhaifu zaidi, na FSR 4 AMD waliitoa kwa ajili ya kizazi cha 9070. Kwa video za A7 IV ni tatizo lilelile. Aiache.

Msafiri wa Deira:

Niko huku mwaka wa sita, nimewanunulia watu wengi. Mwambie kaka yako mambo haya.

Al Ain Centre aingie maduka manne matano kabla ya kulipa, bei ya kwanza si bei. Adai risiti yenye namba ya kadi, ailinganishe na namba iliyo kwenye boksi na kwenye kadi yenyewe. Aombe waichomeke mbele yake wafungue programu ya GPU-Z, na asome mstari wa ROPs (vitengo vya kadi vinavyomalizia picha): 5070 Ti lazima iseme 96. Mwanzoni mwa 2025 Nvidia walikiri kuwa kadi chache zilitoka na pungufu, zikisoma 88. Duka zuri halikatai kipimo hicho.

Kama ameingia kwa viza ya utalii, aombe duka limsajili kurudishiwa VAT ya asilimia 5 palepale, akaithibitishe uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo. Kadi asafiri nayo mkononi. Na risiti aiweke karibu akifika Dar, akiulizwa forodhani aseme ukweli.

Dhamana aulize kwa mdomo na iandikwe: ikifa Tanzania inarudishwa wapi, kwa gharama ya nani? Mara nyingi jibu ni kuirudisha Dubai. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kufikiria bei ya Kariakoo, kama duka la huko linatoa dhamana ya mwaka na lina uso unaoujua.

KijanaWaTabata:

Wakuu, mrejesho.

Kaka amefika na 5070 Ti ya feni tatu. Duka la kwanza lilikataa kuichomeka, akatoka. La tatu walikubali, ROPs 96, akanipigia picha. Pawa saplai mpya ya wati 850 nimechukua hapa Dar, na Studio nimelipia, kwa hiyo UPS itasubiri malipo ya harusi mbili zijazo. Mpaka hapo umeme ukionyesha dalili nazima na kuchomoa kila kitu.

Keisi ilinisumbua. Kadi ni ndefu kuliko nilivyodhani, nimetoa kikapu cha diski cha mbele ndipo ikaingia, na nimeiegemeza kwa kijiti cha chuma isilemee madabodi.

Jana saa nane mchana, chumba bila AC, imecheza saa mbili haijavuka nyuzi 70. Cyberpunk na miale yake yote imewaka, DLSS imewaka, sijaona mahali inakatakata. Lakini kilichonifanya nikae kimya kidogo ni video. Nimeburuta mafaili ya kamera zote mbili moja kwa moja, bila proksi, nikabonyeza kucheza, yakacheza.

Dada Mama_Renda asante sana. Jumamosi nina send-off Mbezi, nikimaliza kuhariri nitaweka hapa masaa niliyotumia niyalinganishe na ya zamani.